Rangi Nyuma ya Rimu

Jioni, katika sehemu moja ya kuoshea magari kandokando ya Barabara ya Morogoro, gari dogo linaingia likiwa limetoka safari. Limetembea kilomita zipatazo 190, na kipande cha mwisho, kuanzia Kibaha kuja mjini, limekuwa likisukumana na foleni: mguu kwenye breki, mguu kwenye mafuta, mguu kwenye breki tena. Dereva anashuka akinyoosha mgongo. Kabla hajapata hata pa kukaa, kijana wa kuosha ameshaelekeza mdomo wa mashine ya presha kwenye tairi la mbele, na kutoka nyuma ya rimu unapanda mvuke mweupe, pamoja na mlio ule wa samaki mbichi anapotiwa kwenye mafuta yaliyochemka.

Hakuna anayeshtuka. Vumbi la safari linatiririka, na katikati ya mikono ya rimu inaonekana kalipa iliyopakwa rangi nyekundu, inameta kama imetoka dukani asubuhi hiyo. Mwenye gari anaitazama na kuridhika.

Wasikilizaji, kalipa hiyo ndiyo mada ya leo. Kuipaka rangi ni jambo zuri, na mazungumzo haya hayakuja kumnyang'anya mtu furaha yake. Lakini ile ni breki. Namna inavyooshwa, kinachomwagwa juu yake, na kinachopakwa ili kuilinda, vyote vinaishia kwenye mguu wa dereva siku ile mtoto anapokatiza barabara akifuata mpira.

Kwa asiyewahi kuiona kwa karibu, kalipa ni kile chuma kinachokumbatia diski kama ngumi iliyokamata sahani. Ndani yake mna pistoni. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inazibana pedi mbili kwenye diski, moja kila upande, mpaka gari lipungue mwendo. Vitz, IST, Premio, Probox na wenzao wengi wanaojaza barabara zetu wana kalipa ya chuma cha kusubu, yenye pistoni upande mmoja tu, inayoteleza juu ya pini mbili. Magari ya mbio na ya kifahari mara nyingi yana kalipa ya aluminiamu, yenye pistoni pande zote mbili. Tofauti hii haina budi kukumbukwa, kwa sababu chuma cha kusubu adui yake mkubwa ni kutu, na aluminiamu adui yake mkubwa ni dawa kali, iwe tindikali au iwe ya magadi.

Zamani hakuna aliyehangaika kupaka rangi breki, maana breki ilikuwa haionekani. Breki za ngoma zimejifungia ndani kama mchele kwenye debe. Breki ya diski yenyewe si changa: Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, aliiandikia hataza mwaka 1902, lakini pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipiga kelele za kukera masikio. Ilichukua nusu karne dunia kuikubali. Mwaka 1953 Jaguar yenye breki za diski zilizotengenezwa na Dunlop ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, na mwaka 1955 Citroën DS ikatoka kiwandani na diski kwenye magurudumu ya mbele. Halafu zikaja rimu za aloi zenye nafasi pana, na kile kilichokuwa kimefichwa kikawa dirishani.

Hapo ndipo rangi ikaingia. Brembo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961 na Emilio Bombassei na wenzake karibu na mji wa Bergamo, Italia, ikiwa karakana ya kawaida, iliingia kwenye mbio za Formula 1 mwaka 1975 na Ferrari, na baadaye kalipa zake za rangi zikawa alama inayotambulika hata na mtu asiyejua kufungua nati. Mitsubishi Lancer Evolution V ya mwaka 1998 ilikuja nazo. Subaru Impreza WRX STI ikaja na zake za rangi ya dhahabu. Vijana wa Nairobi hawahitaji kuelezwa zaidi, maana mapenzi yao kwa magari hayo mawili yana mizizi yake hapa hapa nyumbani: Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru, na mwaka uliofuata Richard Burns akaichukua kwa Mitsubishi.

Porsche wamekwenda mbali zaidi, wameifanya rangi kuwa lugha. Kalipa ya njano inasema diski ni za mchanganyiko wa kauri. Ya kijani kikali inasema gari lina injini na umeme pamoja. Na ile nyeupe, iliyotoka na Cayenne ya mwaka 2017, ina hadithi tamu kuliko zote. Diski za gari lile zimefunikwa kwa tabaka jembamba la tungsteni kabaidi, kitu kigumu kupindukia, na Porsche wenyewe wanasema vumbi la breki linapungua kwa hadi asilimia 90 ukilinganisha na diski za kawaida. Sasa, ni nani angethubutu kupaka breki rangi nyeupe kama si mtu mwenye uhakika kwamba haitachafuka? Weupe ule ni kiapo. Kwa gari lingine lolote, kalipa nyeupe inakuwa na rangi ya chai ya maziwa ndani ya wiki mbili.

Kwa hiyo tulizungumze hilo vumbi, maana ndilo chanzo cha kazi yote.

Kila dereva anapokanyaga breki, diski na pedi vinasagana. Kinachotoka ni unga mwembamba wa chuma kutoka kwenye diski, uliochanganyika na unga wa pedi: gundi iliyokaushwa, grafaiti, na vipande vya metali mbalimbali. Chembe hizo zinaruka zikiwa na moto. Zikitua juu ya rangi ya kalipa au ya rimu zinajishika, nyingine zinazama kidogo ndani ya rangi yenyewe. Kisha unakuja unyevu, chembe za chuma zinapata kutu zikiwa pale pale, na ule wekundu safi unaanza kuwa wa kahawia. Mtu anasugua kwa sabuni, anasugua tena, madoa yamekaa. Anadhani rangi imekufa, kumbe rangi bado nzima, imevamiwa tu na kutu ya wengine. Pwani mambo huenda kasi zaidi. Upepo wa bahari wa Tanga, Mombasa au Unguja umebeba chumvi, na gari linalolala nje usiku mmoja tu huamka na diski zenye rangi ya machungwa.

Vumbi hilo si uchafu wa macho tu. Miaka mingi pedi za breki zilitengenezwa kwa asibesto, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asibesto husababisha saratani. Nchi za Ulaya zimeshapiga marufuku, lakini mtu anayenunua pedi isiyo na jina, kutoka kwenye boksi lisilo na maelezo, hana njia ya kujua kilichomo kwa kuitazama. Ndiyo maana ile desturi ya baadhi ya gereji, fundi kufungua tairi na kupuliza kalipa kwa upepo wa kompresa mpaka wingu jeusi linamfunika usoni, inaumiza moyo kuitazama. Vumbi la breki lilowekwe kwanza. Maji kidogo ya sabuni yanalituliza chini, na pafu la fundi linabaki salama. Umoja wa Ulaya sasa umeliingiza vumbi hili kwenye sheria: kanuni za Euro 7, zinazoanza kutumika kwa aina mpya za magari mwishoni mwa Novemba 2026, ndizo za kwanza kuweka kikomo cha chembe zinazotoka kwenye breki. Kwa magari madogo ya petroli na dizeli kikomo ni miligramu 7 kwa kila kilomita, na kwa yale ya umeme mtupu ni miligramu 3.

Turudi kwa kijana wetu na mashine yake ya presha. Kosa lake la kwanza ni haraka. Diski iliyotoka kwenye foleni ina moto mkali, na maji ya baridi yakiipiga upande mmoja, chuma kinapoa bila uwiano. Diski inaweza kupinda, kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa jicho, lakini mguu unakihisi: usukani unatetemeka na pedali inapigapiga kila breki inapokanyagwa. Dawa au sabuni ikimwagwa juu ya moto huo inakauka kabla haijafanya kazi, na inaacha madoa kwenye rangi ambayo ni magumu kuliko uchafu wenyewe. Gari lipelekwe kivulini, dereva anywe chai yake kwa starehe. Kiganja kikiweza kukaa juu ya rimu bila kuruka, kazi ianze.

Maji ya kwanza yawe ya upole, ya kuondoa mchanga. Mashine ya presha si haramu, ila mdomo wake usisogezwe karibu, na usielekezwe moja kwa moja kwenye raba ndogo zinazofunika pistoni na zile pini za kutelezea. Raba hizo ndizo zinazozuia maji na mchanga visiingie ndani. Maji yakilazimishwa kupita, grisi inatoka, kutu inaingia, na baada ya miezi michache kalipa inagoma kurudi.

Kisha sabuni. Shampuu ya magari isiyo kali, ile isiyo na tindikali wala magadi, inatosha kwa uchafu wa kila wiki. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi za kuoshea zinatumia sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani, na wanaoitengeneza wanajua kwamba huongezewa chumvi ili iwe nzito. Kwa vyombo vya jikoni haina neno. Kwa chuma kilichochubuka rangi, chumvi ni chumvi, itoke baharini au itoke kwenye ndoo. Anayeitumia basi asuuze kwa maji mengi, zaidi ya anavyodhani inatosha. Brashi ziwe laini na ndogo; mswaki wa zamani unafika mahali ambapo mkono haufiki. Na kitambaa kilichogusa breki kisiende kugusa boneti hata kama kimefuliwa, maana zile chembe za chuma zimejificha humo, na zitachora mistari juu ya rangi ya gari kama msasa.

Yale madoa ya kahawia yaliyozama yana dawa yake maalumu, na hii inapendeza kuitazama. Inapuliziwa ikiwa maji matupu yasiyo na rangi. Dakika moja, mbili, inaanza kugeuka zambarau na kuchuruzika kama juisi ya zambarau za kiangazi. Hiyo ni dalili kwamba imekutana na chuma na inakitoa. Dawa nyingi za namna hii zimejengwa juu ya kemikali ya jamii ya thaioglikoleti, na akina mama waliokaa saluni zamani za kalikiti wataitambua kwa pua kabla ya macho, kwa sababu kemikali hiyo hiyo ndiyo iliyolainisha nywele ili zikubali kujikunja. Harufu yake ni kali, kwa hiyo mahali pawe na hewa na mikono iwe na glavu. Isiachwe ikakauka. Na asishangae anayeona zambarau ikitiririka bila kukoma kutoka kwenye diski: diski yenyewe ni chuma, dawa inaila yenyewe sasa. Hapo ni kusuuza, kwa maji mengi, mara moja.

Sasa yale mabaya.

La kwanza ni petroli, dizeli na mafuta ya taa. Fundi anayeoshea injini kwa dizeli anaona ni jambo la kawaida kupitisha brashi ile ile kwenye kalipa, na kweli mafuta ya uchafu yanatoka, rangi inang'aa. Lakini raba za breki hutengenezwa kwa mpira wa aina inayoitwa EPDM, ambao unavumilia mafuta ya breki kwa miaka na miaka, ila hauyavumilii kabisa mafuta ya petroli na jamaa zake. Ukiguswa nayo unavimba, unalainika, unapoteza umbo. Pistoni inabanwa na raba iliyovimba, pedi haziachii diski. Na kama mafuta hayo yameifikia pedi, breki ya upande ule inateleza na gari linavuta upande mmoja. Gharama ya kubadilisha pedi na sili ni kubwa mara nyingi kuliko chupa ya shampuu.

La pili ni tindikali. Zipo dawa za rimu zenye nguvu za ajabu, zinazong'arisha kwa sekunde, na baadhi yake zina haidrofloriki au chumvi zake. Aluminiamu iliyo wazi inageuka kijivu chenye mabaka yasiyosugulika. Hilo ni la chuma. La mwili ni baya zaidi: haidrofloriki hupenya ngozi, ikaiba kalisi ndani ya mwili, na wakati mwingine maumivu huja saa kadhaa baada ya kuguswa. Ni vijana wangapi wa kuosha magari wanaoshika dawa hizo kwa mikono mitupu, kwa sababu chupa imeondolewa lebo na tajiri amesema tu "ni dawa ya rimu"? Mwenye gari akiona kijana anatumia kitu kinachotoa moshi au kinachochemka kikigusa sakafu, amzuie. Amzuie kwa ajili ya kijana kwanza, halafu kwa ajili ya gari.

La tatu halionekani kama kosa kabisa. Ni ile dawa ya kung'arisha matairi mwishoni mwa kazi, inayopuliziwa kwa mkono mwepesi huku mtu anazunguka gari. Nyingi zina silikoni. Ukungu wake ukipita katikati ya mikono ya rimu unatua kwenye diski, na breki ya kwanza baada ya pale inaweza kumshangaza dereva getini kabisa. Ipakwe kwa sponji, kwenye raba ya tairi peke yake.

Mara moja au mbili kwa mwaka inafaa tairi litolewe kabisa, gari likae juu ya stendi na lisiachiwe jeki peke yake, na kalipa isafishwe nzima nzima, mbele na nyuma. Hapa ndipo rangi inapoanza kulipa deni lake. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yanakula rangi. Yakivuja polepole kwenye kiungo cha mpira wa breki, au kwenye nati ya kutolea upepo, rangi ya pale inavimba, inajikunja na kubanduka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kwenye kalipa chafu yenye kutu na tope la mwaka mzima, uvujaji huo haumwambii mtu kitu. Kwenye kalipa safi yenye rangi moja, unaonekana kwa mbali. Iwapo ni tone tu lililomwagika fundi alipokuwa anatoa upepo, dawa ni maji: mafuta haya huyeyuka katika maji, basi pamwagiwe hapo hapo. Likijirudia wiki ijayo mahali pale pale, huo ni uvujaji, na gari lisitembee mpaka upatiwe ufumbuzi.

Rangi inasema na mengine. Gari likiteremka Kitonga kutoka Iringa, au likishuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, huku dereva amekalia breki badala ya kuweka gia ya chini, kalipa zote mbili za mbele hupata moto wa kufanana. Lakini ikiwa ya kushoto imebaki nyekundu na ya kulia imefifia kuwa ya kahawia, kana kwamba imechomwa, basi ya kulia kuna kitu kimekwama, pini au pistoni, na pedi zake zinasugua diski hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedali. Vivyo hivyo rimu moja ikichafuka kwa unga mweusi mara mbili ya mwenzake. Moto huo unafika mpaka kwenye mafuta ya breki. DOT 4 ikiwa mpya inapaswa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila inafyonza unyevu wa hewa kadiri inavyozeeka, na kiwango kinachokubalika kwa ile iliyokwisha kulowana ni nyuzi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea kushuka.

Kabla tairi halijarudishwa, basi, jicho lipitie: raba zimepasuka? Pini zinateleza kwa vidole? Mpira wa breki una nyufa? Pedi zikikaribia milimita 3, zibadilishwe. Pini zipakwe grisi ya breki yenyewe, ile ya silikoni au ya sintetiki, wala si grisi ya bearing, kwa sababu ile ya bearing ni ndugu wa petroli tuliyemkataa.

Tuje kwenye ulinzi. Wenye magari wengi huanza na nta, kwa kuwa nta imewafaa kwenye boneti. Ile bora kabisa, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na inayeyuka kati ya nyuzi 82 na 86. Kalipa inayafikia hayo kwa foleni ya siku moja. Nta inayeyuka, vumbi linanasa, na uchafu unakuwa mwingi kuliko kama isingepakwa kitu. Kinachofaa ni koti ya seramiki ya rimu na kalipa, iliyojengwa juu ya silika, inayovumilia joto kubwa zaidi. Kazi yake yote imo katika maandalizi. Kalipa isafishwe, itolewe chuma kwa ile dawa ya zambarau, ikauke, ipanguswe kwa spiriti ya aisopropili isibaki na alama ya kidole, ndipo koti ipakwe nyembamba kwa kitambaa kidogo, huku diski na pedi zikiwa zimefunikwa. Iachwe bila maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Baada ya hapo vumbi halikazi tena. Shampuu na brashi laini vinalitoa. Haizuii jiwe. Barabara ya vumbi ya Manyara au Turkana itachubua rangi yoyote, iwe na koti au isiwe nayo, na hapo kidonda kidogo kizibwe mapema kabla kutu haijaingia chini yake.

Kwa anayepaka upya, chuma cha kusubu kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka kutu legelege itoke, kisha kipuliziwe kisafishio cha breki kuondoa mafuta. Kisafishio hicho hicho kina nguvu ya kulainisha rangi za kawaida, hivyo kisirudiwe baada ya kupaka. Rangi iwe ya kalipa, ya kopo la kupuliza au ile ya epoksi ya sehemu mbili inayopakwa kwa brashi. Rangi ya mafuta ya mlango wa nyumba itapendeza siku tatu, kisha itaungua, itanuka, itakatika. Tepu ya karatasi ifunike raba, pini, nati ya kutolea upepo na mahali pedi zinapokaa na kuteleza, kwa sababu unene wa rangi pale unatosha kuibana pedi isirudi. Uso wa habu unaokutana na rimu nao usiguswe na rangi.

Kisha kuna vile vifuniko vya plastiki vyenye majina makubwa ya Italia, vinavyobandikwa juu ya kalipa ndogo ya kawaida ili ionekane kubwa. Hivyo ni bora visiwepo. Vinafunika chuma kinachohitaji upepo ili kipoe, vinaficha uvujaji ambao rangi ingeuonyesha, na gundi ikichoka kwa joto, kifuniko kinaachia kikiwa ndani ya rimu inayozunguka. Kalipa ya Probox iliyopakwa rangi nyeusi safi, bila jina la mtu, ina heshima yake.

Tairi linarudi mahali pake. Nati zikazwe kwa msalaba, moja na ya mkabala wake, na Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya nyutoni mita 103, kwa spana yenye kipimo. Zikaguliwe tena baada ya kilomita hamsini au mia. Na kama pistoni zilisukumwa nyuma wakati wa kazi, pedali itakuwa tupu. Basi kabla gari halijatoka uani, injini ikiwa inaunguruma na gia ikiwa haijaingizwa, mguu uikanyage polepole, mara tatu, mara nne, mpaka iwe ngumu chini ya soli. Halafu mwendo mdogo hadi mwisho wa mtaa na kurudi, breki ikiguswa kwa upole ili diski zikauke, na ule unga mwembamba wa kutu ya maji upanguke wenyewe.